Sauti ya Binti Mfalme: Historia ya Mashujaa wa Kike katika Filamu za Katuni

Katika filamu ya kawaida kamera huweza kunasa jambo ambalo mwongozaji hakulikusudia, kama vile upepo unaopeperusha ushungi wa mwigizaji au mpita njia anayegeuka kutazama, lakini katika filamu ya katuni hakuna kinachoonekana kwenye pazia ambacho mtu hakukiamua kwanza kisha mtu akakichora. Sanaa hiyo huitwa uhuishaji, kwa sababu huzipa uhai picha zisizo na uhai kwa kuzipanga mfululizo na kuzipitisha mbele ya jicho kwa kasi mpaka zidhaniwe kutembea, na kila sekunde moja ya filamu ya aina hiyo huhitaji hadi picha 24. Kwa hiyo upana wa kiuno cha binti mfalme, urefu wa kope zake, wingi wa maneno anayotamka na jina la yule anayemwokoa mwishoni ni maamuzi ya watu, na usawiri wake, yaani namna mhusika anavyojengwa kwa umbo, tabia na matendo, ni ushahidi wa kihistoria kuhusu waliokaa kwenye meza za kuchorea na kuhusu waliozuiwa kukaa hapo.

Ufeministi unachukuliwa hapa kwa maana yake ya msingi, ambayo ni imani kwamba mwanamke ni mtu kamili mwenye haki ya kuamua mambo ya maisha yake, na kwamba mfumo dume, yaani mpangilio wa jamii unaompa mwanamume mamlaka juu ya mwanamke, ulijengwa na binadamu na binadamu wanaweza kuubomoa. Wanaoitazama historia ya katuni kwa jicho hilo wamezoea kuisimulia kama ngazi, ambapo chini kabisa amelala binti anayesubiri busu na juu kabisa amesimama msichana mwenye upinde au usukani wa jahazi. Masimulizi hayo yana ukweli wake, ila yanaficha jambo zito, nalo ni kwamba ujasiri wa shujaa mmoja na sauti ya wanawake kwa jumla havikukua pamoja, na kwamba kwa muda wa miaka kumi hivi kimoja kilipanda huku kingine kikishuka.

Chimbuko la mabinti hao ni ngano za Ulaya, na ngano hizo zilipitia vinywa vya wanawake kabla hazijafika kwenye vitabu vya wanaume. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapisha juzuu la kwanza la mkusanyo wao mwaka 1812, sehemu kubwa ya visa walikuwa wamevipata kwa wasichana wa familia za Wild na Hassenpflug katika mji wa Kassel, lakini waliovihariri ni ndugu hao wenyewe. Toleo hilo la kwanza linaeleza kwamba aliyetaka kumwua binti mweupe kama theluji alikuwa mama yake mzazi. Katika toleo la 1819 mama huyo alikwisha kugeuzwa kuwa mama wa kambo, na heshima ya uzazi ikalindwa kwa kumtwika ukatili mwanamke mwingine. Mama wa kambo mwovu, ambaye watoto wa dunia nzima wamemrithi kana kwamba alitoka katika kina cha mapokeo, kwa hakika alizaliwa katika kisa hiki kwa uamuzi wa wahariri.

Filamu ndefu ya uhuishaji iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia iliundwa na mwanamke. Lotte Reiniger aliianza kazi ya Die Abenteuer des Prinzen Achmed mwaka 1923 katika studio iliyowekwa juu ya banda la gari huko Potsdam, karibu na Berlin, na filamu ikaonyeshwa mwaka 1926. Alikata vinyago vya karatasi nyeusi kwa mkasi, akaviunga kwa waya kwenye viungo, akavilaza juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini na kuvisogeza kidogo kidogo, picha baada ya picha, ili pazia lionyeshe vivuli vinavyotembea. Visa alivitwaa katika Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu vyema, na ambacho mwanamke wake mkuu, Shahrazadi, anaokoa roho yake kwa kusema kila usiku bila kufikia mwisho. Hata hivyo binti aliyemo katika filamu ya Reiniger, Pari Banu, anafichiwa vazi lake la manyoya na kuchukuliwa na mwana mfalme, na mtesaji wa wote ni mchawi anayetambulishwa kama Mwafrika. Mwenye nguvu za kweli ni ajuza wa milimani, mganga mwenye sura ya kutisha, anayepambana na mchawi huyo kwa kujigeuza umbo baada ya umbo mpaka anamshinda. Mkono wa mwanamke ulishika mkasi, lakini ngano iliyokatwa ilikuja na desturi zake, na jambo hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba kubadilisha msanii peke yake kunatosha kubadilisha kazi.

Filamu iliyoweka kielelezo cha miongo mingi ni Snow White and the Seven Dwarfs ya studio ya Walt Disney, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1937 katika ukumbi wa Carthay Circle mjini Los Angeles. Shujaa wake ni mpole, mwimbaji, mwenye huruma kwa ndege na wanyama, na anapopata nyumba ya mbilikimo saba hujilipia malazi kwa kufagia, kupika na kufua, mpango ambao watazamaji wa Marekani wa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi waliuelewa bila kuelezwa. Miondoko yake ilinakiliwa kutoka kwa msichana mchezaji dansi, Marjorie Belcher, ambaye baadaye alijulikana kama Marge Champion, aliyepigwa picha akicheza ili wachoraji wamfuate. Hivyo mwili ulikuwa wa msichana hai, sauti ilikuwa ya mwimbaji Adriana Caselotti, lakini waliompa mhusika mwendo na nia kwa penseli walikuwa wanaume.

Wanawake hawakukosekana katika studio ya Walt Disney. Walikuwa wengi, na wamewekwa mahali pamoja. Katika idara ya wino na rangi walifuatisha kila mchoro wa penseli kwa wino juu ya karatasi angavu ya seluloidi, wakaigeuza na kuijaza rangi kwa nyuma, huku wamevaa glavu nyembamba ili jasho la vidole lisiharibu kazi, na kosa la upana wa unywele lilimaanisha kuanza upya. Ndio waliompaka shujaa wekundu hafifu wa mashavu, seluloidi moja moja, ili uso wake usionekane kama umekatwa kwenye karatasi. Kazi hiyo ilihitaji mkono usiotetemeka, subira ndefu na jicho la rangi ambalo wachoraji wengi wa penseli hawakuwa nalo, lakini ilihesabiwa kuwa kazi ya kunakili na ililipwa kwa kipimo hicho. Barua za studio za mwaka 1938 zilizojibu maombi ya kazi ya wanawake zilieleza waziwazi kwamba kazi ya ubunifu katika kuandaa katuni haifanywi na wanawake, bali na vijana wa kiume, na kwamba nafasi pekee iliyo wazi kwa msichana ni ya kufuatisha kwa wino na kujaza rangi. Mtu anayesoma barua hizo leo anamwona shujaa wa 1937 kwa jicho jipya, kwa sababu binti anayefagia nyumba ya wanaume saba akisubiri kuthaminiwa hakuwa mbali sana na mamia ya wasichana waliompaka rangi.

Wapo waliopenya. Bianca Majolie aliingia idara ya hadithi mwaka 1935, akiwa mwanamke wa kwanza katika chumba ambamo visa hupangwa kwa michoro midogo inayobandikwa ukutani na kupingwa kwa kelele na wote waliopo. Alidumu hadi 1940, alipofutwa kazi. Grace Huntington, ambaye pia alikuwa rubani, alimfuata mwaka 1936. Retta Scott alikuwa mwanamke wa kwanza wa studio hiyo kuandikwa jina kwenye filamu kama mhuishaji, yaani mchoraji wa mwendo, katika Bambi ya mwaka 1942, na sehemu aliyoichora ni ile ya mbwa wa kuwinda wanaomkimbiza paa jike hadi ukingoni mwa jabali, sehemu kali kuliko zote katika filamu hiyo. Mary Blair naye alitoa rangi na sura ya jumla ya Cinderella ya 1950, Alice in Wonderland ya 1951 na Peter Pan ya 1953, ingawa ubapa na ujasiri wa rangi zake ulilainishwa kila ulipofika mikononi mwa wahuishaji waliotaka maumbo ya mviringo. Katika michoro yake ya awali kuna upweke na ukubwa wa kasri ambao filamu zilizokamilika hazikuubakiza wote, na kwa mwandishi wa historia michoro hiyo ni kama kumbukumbu ya filamu ambazo zingeweza kuwapo.

Sleeping Beauty ya mwaka 1959 hutajwa mara nyingi kama mfano mbaya kuliko yote, na sababu yake si ngumu kuiona. Binti wa kisa, Aurora, anaonekana kwenye pazia kwa takriban dakika 18 tu, na baada ya katikati ya filamu hatamki neno lolote tena. Lakini wanaoendesha mambo yote katika filamu hiyo ni wanawake wenye umri: vichimbakazi watatu wema, Flora, Fauna na Merryweather, ndio wanaopanga, wanaogombana, wanaolea mtoto msituni, wanaomfungua mwana mfalme gerezani, wanaompa upanga na ngao na hatimaye wanaoupa upanga huo nguvu ya kuua joka, ambalo nalo ni mwanamke, Maleficent. Mwana mfalme ni mbebaji wa silaha zao. Filamu ambayo shujaa wake amelala ndiyo ambayo wanawake wasio vijana na wasio warembo wanazungumza kwa wingi usiopata kurudiwa kwa zaidi ya nusu karne, na hilo linaitia ufa ile ngazi iliyozoeleka.

Filamu hiyo ilikuwa pia ya mwisho katika studio hiyo kufuatishwa yote kwa wino wa mkono. One Hundred and One Dalmatians ya mwaka 1961 ilitumia mashine iliyohamisha mistari ya penseli moja kwa moja kwenye seluloidi, na idara ya wanawake wa wino ikapungua ghafla.

Wakati huohuo fikra zilikuwa zinabadilika nje ya studio. Simone de Beauvoir wa Ufaransa, katika kitabu chake cha 1949 kuhusu hali ya mwanamke, alikwisha kuonyesha jinsi ngano zinavyomfundisha msichana kusubiri, na wimbi la harakati za wanawake lililoinuka Marekani katika miaka ya 1960 likalipeleka suala hilo katika vyuo. Mwaka 1970 Alison Lurie alitetea kwamba ngano za kale, zikisomwa kwa upana wake, zimejaa wanawake hodari na zinafaa kuwalea wasichana huru. Mwaka 1972 Marcia Lieberman akamjibu kwamba watoto hawazisomi ngano zote, bali hukutana na zile chache zilizoteuliwa na kusambazwa, nyingi kupitia Disney, na kwamba hizo humzawadia msichana kwa uzuri wa sura na utulivu wake. Mwaka 1975 Laura Mulvey wa Uingereza akaeleza kwamba sinema imejengwa juu ya jicho la mwanamume, ambapo mwanamke huwekwa kutazamwa na mwanamume huwekwa kutenda. Majibizano ya Lurie na Lieberman ndiyo yenye manufaa zaidi kwa historia hii, kwa kuwa yalihamisha swali kutoka kwenye mapokeo hadi kwa mteuzi: nani aliichukua hadithi hii na kuiacha ile, na kwa faida ya nani?

Jibu la studio lilichelewa hadi 1989, na lilikuja likiwa na utata ndani yake. Shujaa wa The Little Mermaid, Ariel, ana hamu ya kujua, anakaidi na anaogelea kuelekea kile kinachomvutia bila kusubiri kuchukuliwa. Lakini hadithi ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1837 ilihitaji auze sauti yake ili apate miguu, na hivyo mwasi wa kwanza wa kizazi kipya anakaa kimya kwa sehemu kubwa ya kisa chake, akijaribu kupendwa kwa sura tu. Beauty and the Beast ya mwaka 1991 ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya uhuishaji ya Disney kuandikiwa muswada na mwanamke, Linda Woolverton, na katuni ya kwanza kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora. Woolverton amesimulia hadharani kwamba aliandika onyesho la Belle akichomeka pini kwenye ramani ya mahali anakotamani kufika, na onyesho hilo likarudi kutoka kwa wachoraji likiwa limehamia jikoni, Belle akipamba keki. Maafikiano yaliyopatikana yalikuwa kitabu mkononi. Kile kitabu ambacho wasichana wengi wamekipenda, basi, ni nusu ya njia kati ya ramani na keki.

Hapa ndipo vipimo vya wanaisimu, yaani wataalamu wa lugha, vinapokuwa na thamani. Carmen Fought na Karen Eisenhauer wa Marekani waliyahesabu maneno ya filamu za mabinti wafalme za Disney, na matokeo yao ya awali yalitangazwa mwaka 2016. Katika filamu ya 1937 wanawake wanatamka karibu nusu ya maneno yote, katika Cinderella asilimia 60 na katika Sleeping Beauty asilimia 71. Kisha katika The Little Mermaid wanashuka hadi asilimia 32, katika Beauty and the Beast hadi 29, katika Pocahontas ya 1995 hadi 24, katika Mulan ya 1998 hadi 23, na katika Aladdin ya 1992 hadi 10 tu. Mulan, ambaye anachukua silaha badala ya baba yake mgonjwa na kuiokoa milki ya China, yumo katika filamu ambayo karibu kila kinywa kingine ni cha kiume. Sababu haikuwa njama ya mtu mmoja. Filamu za kipindi hicho zilijaa wahusika wasaidizi wa kuchekesha, kama vile kinara cha mshumaa, saa, kaa, kasuku na joka dogo, na kila mara ambapo jinsia ya kitu haikulazimika kuwa ya kike, mwandishi aliandika mwanamume bila kufikiri. Matendo ya shujaa yalikaguliwa kwa makini kwa sababu wakosoaji walikuwa wakiyatazama. Uwanja uliomzunguka haukukaguliwa na mtu, na ukajaa wanaume.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona jambo hilo kwa ukaribu zaidi katika The Lion King ya mwaka 1994, ambayo haina binti mfalme kwa jina lakini imeazima majina yake kutoka lugha ya msomaji huyo. Simba, Rafiki na Pumbaa hawahitaji kufafanuliwa. Malkia anaitwa Sarabi, yaani mazigazi, kile kionekanacho kwa mbali kama maji na kisichofikika. Na sauti kuu kati ya fisi watatu ni ya jike anayeitwa Shenzi, jina ambalo Mwafrika Mashariki hawezi kulisikia bila kukumbuka jinsi neno hilo lilivyotumika kuwadhalilisha watu wake wakati wa ukoloni. Kundi la simba, kama wafugaji na wawindaji wa nyika walivyojua tangu zamani na kama wanasayansi walivyothibitisha, ni la majike: mama, binti na dada hubaki pamoja katika ardhi yao, huwinda na hulea kwa ushirika, huku madume yakija na kuondoka. Katika filamu majike hao wanakaa chini ya mtawala mbaya hadi dume arudi, na Nala, aliye hodari kuliko Simba katika mieleka yote wanayopigana, kazi yake kubwa ni kumhimiza arudi. Fisi madoa nao huongozwa na majike, na filamu ikaufanya utawala huo kuwa sura ya machafuko. Ieleweke kwamba mkuu wa idara ya hadithi katika filamu hiyo alikuwa mwanamke, Brenda Chapman, na Woolverton alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa muswada. Kuwapo kwao kulikuwa ushindi wa kweli katika ajira, lakini kisa kilichowakuta mezani, cha baba, mwana na ami mnyang'anyi, kilikuwa na nafasi zake tayari.

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wameuzoea utata wa namna hiyo, kwani kwa miaka mingi wameujadili katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858. Humo mwanamke mwenye elimu, mjane wa mtawala wa Siyu, anamwachia binti yake wosia kuhusu mwenendo wa mke; sauti ni ya mwanamke kabisa, na sehemu ya maneno ni ya utii, na wahakiki hawajakubaliana kama utii huo ni kamba au ni ngao. Kusema na kinachosemwa ni mambo mawili, na katuni za Marekani zimeyatenganisha kwa njia ya kinyume, kwa kuonyesha uhuru wa mwanamke huku zikimnyima nafasi ya kuzungumza.

Japani njia ilikuwa tofauti. Hayao Miyazaki aliweka wasichana katikati ya filamu zake bila kuwahitaji wawe wachumba wa mtu, kuanzia Nausicaä wa mwaka 1984, mtafiti wa mimea yenye sumu na mpatanishi wa vita, hadi Chihiro wa filamu ya 2001 iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2003, mtoto anayejifunza kufanya kazi katika hamamu ya mizimu ili awaokoe wazazi wake. Katika Princess Mononoke ya 1997 adui wa msitu ni Eboshi, mwanamke aliyewanunua wenzake kutoka madanguro na kuwapa kazi ya kuvuta mivukuto ya tanuri la chuma, na wanawake hao hucheka, hubishana na huwatania waume zao kwa uhuru ambao Disney ya wakati huo haikuujua. Rangi za filamu hizo zilipangwa kwa miongo na Michiyo Yasuda, ila kiti cha uongozaji wa filamu kubwa kilibaki cha wanaume. Nchini Ufaransa, Marjane Satrapi, aliyezaliwa Iran, alichora maisha yake mwenyewe, kisha akayaongoza kwenye pazia pamoja na Vincent Paronnaud katika Persepolis ya mwaka 2007. Hapo, kwa nadra, mtoa kisa, mchoraji na shujaa walikuwa mtu mmoja.

Marekani mwamko wa pili ulianza mwaka 2009 na Tiana wa The Princess and the Frog, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney, mpishi wa New Orleans anayeweka akiba afungue mgahawa wake. Mpango wa awali ulikuwa kumwita Maddy na kumfanya mtumishi wa vyumbani, na ulibadilishwa baada ya Wamarekani weusi kuupinga. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya filamu Tiana ana umbo la chura wa kijani, na watazamaji waliongoja kwa miaka zaidi ya 70 kumwona msichana wa rangi yao walikuwa na haki ya kulalamika kwamba walionyeshwa kidogo.

Brave ya mwaka 2012 inastahili kuangaliwa kwa kina zaidi. Chapman, yule wa idara ya hadithi, ambaye mwaka 1998 alikwisha kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza, pamoja na wenzake wawili, filamu ndefu ya uhuishaji ya studio kubwa ya Marekani, The Prince of Egypt, aliibuni hadithi ya Merida kutokana na mivutano yake na binti yake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika ukoo huu wa filamu mama yu hai, ana akili, ana kosa na anabadilika, na ugomvi mkuu ni wa mama na binti wanaopendana wasioelewana. Wanawake wanatamka asilimia 74 ya maneno, ingawa mama huyo amegeuzwa dubu asiyeweza kusema kwa muda mrefu. Mwaka 2010 Chapman aliondolewa kwenye uongozaji na nafasi ikapewa Mark Andrews. Filamu iliposhinda tuzo ya Oscar mwaka 2013 wote wawili waliipokea, na Chapman akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo ya filamu ndefu ya uhuishaji. Mwaka huohuo Merida alipoingizwa katika kundi la mabinti wafalme wanaouzwa kwenye nguo na vinyago, alichorwa upya akiwa na kiuno chembamba, macho yaliyopambwa na gauni la kumetameta, bila upinde wake. Zaidi ya watu 200,000 walitia saini kupinga, na Chapman mwenyewe akasema wazi kwamba mhusika wake amesalitiwa. Vita juu ya usawiri vilikuwa vimehama kutoka kwenye filamu hadi kwenye mkoba wa shule, mahali ambapo mtoto humwona shujaa kila siku.

Jennifer Lee, aliyeongoza Frozen ya 2013 pamoja na Chris Buck, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza filamu ndefu katika studio ya uhuishaji ya Walt Disney, miaka 76 baada ya ile ya kwanza. Elsa alikuwa amepangwa awe mwovu, hadi wimbo alioandikiwa na Kristen Anderson-Lopez na Robert Lopez ulipowaonyesha watengenezaji kwamba aliyekuwa akiimba ni mtu aliyeogopa, na wakaiandika hadithi upya. Wanawake wa studio wenye dada walikusanywa waeleze jinsi dada wanavyogombana na kupatana. Matokeo yake ni kisa ambacho tendo la upendo wa kweli linaloyeyusha barafu ni la dada kwa dada. Hata hapo, pamoja na mashujaa wawili wa kike, wanaume wanatamka asilimia 59 ya maneno. Moana wa mwaka 2016 hana mchumba wala hamtafuti, na bahari anayoivuka ni ya mababu zake mabaharia.

Barani Afrika msichana wa katuni ameanza kuchorwa akiwa kwao. Malenga Mulendema wa Zambia alibuni Supa Team 4, kisa cha wasichana wanne wa Lusaka kilichotolewa na Netflix mwaka 2023, na kabla yake, tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, kampuni ya Kukua ya Nairobi ilitoa Super Sema, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu. Sema ana miaka 10, anamshinda mtawala asiye na moyo kwa vifaa anavyovibuni kwa sayansi, na jina lake, kwa sikio la Mswahili, ni kitenzi kinachomtaka mtu atamke. Dar es Salaam nayo, katika kazi za shirika la Ubongo, imemtoa Akili, msichana wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Jioni Akili hulala, na usingizini hufika nchi ya Lala, ambako pamoja na wanyama rafiki zake hujifunza herufi, namba na rangi. Kisha huamka mwenyewe.